Kapteni Stigand na Kitabu Kilichoungua Witu

Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha Kiswahili, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniletea shairi la tarbia alilolitunga mwenyewe. Ubeti wa pili ulikuwa na neno "mato". Nikalizungushia wino mwekundu, nikaandika pembeni: hakuna neno hili, sema macho. Ubeti wa nne ulikuwa na "ndiya". Nikalisahihisha kuwa njia, na kwa kuwa mizani haikupungua wala kuzidi, nikajiona nimemsaidia. Nikampunguzia alama mbili. Kijana hakubisha, maana kwetu Ufipa wakati ule mwanafunzi hakubishana na mwalimu. Alisema tu kwa sauti ya chini, "Samahani Mwalimu, nililiona kwenye kitabu cha tenzi." Sikumwuliza kitabu gani.

Mimi ni Mfipa. Kiswahili nilikutana nacho shuleni, na chuo cha ualimu kikanipa Kiswahili sanifu kama askari anavyopewa sare: hii ndiyo, vaa, usiulize ilishonwa wapi. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba mato ni macho ya Lamu na Mombasa, na kwamba malenga wa pwani ya kaskazini walikuwa wakitazama dunia kwa mato zamani sana kabla ya mimi kushika kalamu nyekundu. Nilipostaafu nikarudi Chala, nikapata nafasi ya kuvisoma vitabu ambavyo kwa miaka mingi nilikuwa nikivitaja tu darasani. Ndipo nilipokutana na kitabu cha sarufi kilichochapwa Cambridge mwaka 1915, kinachoeleza mabadiliko ya lahaja za Kiswahili. Mwandishi wake hakuwa mmisionari wala profesa. Alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, Kapteni Chauncy Hugh Stigand. Kijana wa jirani alinipakulia nakala kwenye simu, na kurasa nilizozipenda nilizichapisha stesheneri kule Namanyere, kwa kuwa macho yangu, au mato yangu, nikianza kulipa deni, hayavumilii tena kioo kidogo.

Ndugu msomaji, maisha ya askari huyu yanastahili kusimuliwa katika ukumbi huu wa ushairi, ingawa si kwa sababu za kumsifu tu.

Alizaliwa Boulogne, Ufaransa, mwaka 1877. Baba yake, William Stigand, alitumikia serikali ya Uingereza katika ofisi za kibalozi, na alikuwa mtu wa kalamu. Ndiye aliyeandika wasifu wa Heinrich Heine, mshairi wa Kijerumani. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nyumba ambamo mashairi hayakuwa kitu kigeni. Hata hivyo alichagua bunduki. Mwaka 1899 alipata cheo cha ofisa katika kikosi cha Royal West Kent, akapelekwa Burma, kisha Somalia ya Waingereza, kisha akaazimwa na jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya. Akiwa huko alitumikia Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na Afrika Mashariki ya Kiingereza, ambayo baadaye iliitwa Kenya.

Alikuwa mwindaji kupita kiasi. Aliwahi kujeruhiwa na simba, akajeruhiwa na kifaru, akajeruhiwa na tembo, kila mmoja kwa wakati wake, na kila alipopona alirudi porini. Kitabu chake cha kuwinda tembo, cha mwaka 1913, kilipewa dibaji na Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani. Mwaka 1909 alisafiri kutoka Afrika Mashariki, akapita kando ya Ziwa Rudolf, ambalo leo huitwa Turkana, mpaka Uhabeshi katika nchi ya Mfalme Menelik. Mwaka 1910, baada ya kufariki Mfalme Leopold wa Ubelgiji, eneo la Lado kando ya Mto Nile lilirudi mikononi mwa serikali ya Sudan, naye akapelekwa huko kulipokea. Tangu hapo kazi yake ilikuwa Sudan, si kwetu tena, lakini aliyoyakusanya pwani ya Waswahili aliyabeba pamoja naye, akawa akiyaandika.

Nisimpambe. Mwaka 1907 alitoa kitabu cha mafunzo ya kijeshi kuhusu upelelezi, na jina lake kwa Kiswahili chetu ni Upelelezi katika Nchi za Washenzi. Washenzi ni sisi. Ndani ya miaka minane mtu huyo huyo akaandika kwamba Kiamu, Kimvita, Kisiu, Kipate na Kitikuu ni mitindo ya lugha yenye kanuni zake, inayostahili kujifunzwa kwa uangalifu. Sikusoma popote kwamba aliikana ile kauli ya kwanza. Nadhani zote mbili zilikaa ndani yake bila kugombana, kama zilivyokaa ndani ya maafisa wengi wa zama zake.

Huku kwetu maafisa wa jeshi hilo tuliwajua kwa sura nyingine. Tarehe 8 Juni 1916 kikosi cha Kanali Murray, kilichotoka Rhodesia ya Kaskazini, kiliingia Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo kwenye mwambao wa Tanganyika, baada ya Wajerumani kutoroka. Babu yangu mzaa baba alibebeshwa mizigo katika vita hiyo. Hakujua alimbebea nani. Alisema tu "vita ya Wazungu", na alipoonyesha bega lake hakutaja jina la afisa hata mmoja, wala hakuna afisa aliyeandika jina lake. Hilo la majina ndilo lililonifanya nimsome Stigand mara ya pili.

Sasa nikupeleke Witu.

Ufalme wa Pate ulikuwa wa ukoo wa Nabahani. Karne ya kumi na tisa ilipofika, Pate ilikuwa imedhoofika kwa vita vyake na Lamu, na Siu, na kwa mkono mrefu wa Sultani wa Zanzibar. Mnabahani mmoja, Ahmad, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, alihamia bara akajenga ngome yake Witu, ndani ya msitu, mahali ambapo watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipata pa kujificha. Mwaka 1885 Wajerumani waliichukua Witu chini ya himaya yao. Kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, yale ambayo Waingereza walitoa kisiwa cha Heligoland na kupata kutambuliwa Zanzibar, Wajerumani waliiachia Witu kwa Waingereza, bila ya kumwuliza Fumo Bakari, aliyekuwa mtawala baada ya Ahmad. Septemba mwaka huo Mjerumani mmoja aitwaye Küntzel, aliyekuja na wenzake kwa biashara ya mbao, aligombana na watu wa Witu, na Wajerumani tisa wakauawa. Mwishoni mwa Oktoba Admirali Fremantle akashuka pwani na askari wa majini wa Uingereza, akapanda mpaka Witu, akaichoma. Fumo Bakari alikimbilia porini na hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Ndani ya moto ule, kwa mujibu wa masimulizi ya watu wa pwani, ilikuwamo nakala ya asili ya Habari za Pate, kitabu cha historia ya wafalme wa Nabahani, kilichohifadhiwa katika nyumba ya mtawala. Askari hawakwenda Witu kuchoma kitabu. Walikwenda kuchoma mji, na kitabu kilikuwa ndani ya mji.

Kilichosalia kilikuwa kichwani mwa mtu. Muhammad bin Fumo Omar an-Nabahani, anayejulikana zaidi kwa jina la Bwana Kitini, alikuwa wa ukoo huo huo, na habari hizo alizipokea kwa babu yake, Muhammad bin Bwana Mkuu, aliyeitwa Bwana Simba. Nakala zote za Habari za Pate tulizo nazo leo, hata zile zinazotofautiana majina na miaka, hurudi kwa mzee huyu mmoja. Miaka isiyozidi ishirini baada ya moto wa Witu, afisa wa jeshi la taifa lile lile lililouwasha alikaa mbele yake na kalamu.

Nimejaribu mara nyingi kuiona picha hiyo. Mzee wa ukoo wa kifalme ambaye ufalme wake umegeuka wilaya ya Waingereza, na ofisa mwenye makovu ya simba, anayejua Kiswahili cha kutosha kufuata habari ndefu ya vizazi vingi. Mzee anaanza kwa Sultani Suleiman bin Suleiman, aliyefika Pate mwaka 600 wa Hijra, ndio mwaka 1203 au 1204 Miladi, akashuka mfalme kwa mfalme mpaka mwisho. Stigand aliiweka habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1913 kiitwacho Nchi ya Zinj, na alifanya jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulifanya: alimtaja mzee kwa jina, akaeleza ni wa nasaba ya wafalme wa Pate, na kwamba ni miongoni mwa wajuzi wakubwa wa habari hizo. Kwangu mimi, mjukuu wa mtu asiyeandikwa, hilo si dogo.

Wanahistoria wamelikosoa simulizi hilo. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliandika mwaka 1969 kwamba miaka ya mwanzo ya Habari za Pate haikubaliani na ushahidi wa ardhini, na kwamba ukuu wa Pate ni wa baadaye kuliko wanavyodai Wanabahani. Wengine waliochimba baada yake wamepata dalili za makazi ya zamani zaidi ya alivyodhani. Mimi si mchimbaji. Ila nimewahi kuwasikiliza wazee wa Kifipa wakihesabu watawala wa Nkansi na kurudi nyuma mpaka Milansi, ambako kwa simulizi zetu ndiko dunia yetu ilikoanzia, na najua kwamba msimuliaji wa nasaba ana kazi mbili: kukumbuka, na kuonyesha kwamba ukoo wake unastahili. Roy Willis, aliyekuja Ufipa kuandika simulizi hizo, alilifahamu hilo vizuri. Hakuna sababu ya kumtaka Bwana Kitini awe tofauti na wazee wetu.

Lakini kuna hasara moja ambayo wakosoaji hawaitaji mara nyingi, na sisi wapenzi wa lugha ndio wa kuililia. Kati ya nakala zote, ya Stigand ndiyo ndefu kuliko zote, na Stigand aliichapa kwa Kiingereza peke yake. Maneno ya Kiswahili yaliyotoka kinywani mwa Bwana Kitini siku zile hayakuchapwa, wala hayakuonekana baadaye. Alice Werner, mwanamke msomi aliyefika Lamu kabla ya vita, alichapa maandishi ya Kiswahili ya habari hizo mwaka 1914 na 1915, na yapo miswada katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo minne kati yake Marina Tolmacheva aliihariri na kuichapa mwaka 1993. Hiyo ni akiba kubwa na tushukuru. Hata hivyo mzee akisimulia mara mbili, mara ya pili si nakala ya mara ya kwanza. Ile ndefu tunayo kwa lugha ya kigeni tu. Witu moto ulikula karatasi. Hapa karatasi ilibaki na lugha ikapotea.

Ajabu ni kwamba aliyeipoteza lugha hiyo ndiye aliyeandika kitabu cha kuzilinda lahaja.

Turudi basi kwenye kitabu cha 1915. Kabla yake, mgeni aliyetaka kujifunza Kiswahili alikuwa na Steere, ambaye mwongozo wake wa mwaka 1870 ulifuata Kiunguja, na alikuwa na Krapf, ambaye kamusi yake ya mwaka 1882 ilielemea Kimvita. Kila mmoja alitengeneza nyumba yake. Stigand alitembea kati ya nyumba hizo akiuliza milango inafananaje. Pale Kiunguja kinaposema macho, cheka, chupa, Kimvita na Kiamu husema mato, teka, tupa. Penye njaa, njia, njoo, husema ndaa, ndiya, ndoo. Lamu huenda mbali zaidi: moja huwa moya, jua huwa yua, maji huwa mai, na vita huwa zita. Ukiyaweka pamoja hivyo, unaona kwamba hakuna aliyekosea. Sauti moja imehama kwa kanuni, na imehamia kila mahali palipo na nafasi yake. Mwanafunzi wangu aliyeandika mato na ndiya alikuwa amefuata kanuni mbili za lahaja moja kwa uaminifu katika shairi moja. Mwalimu wake ndiye aliyekuwa hajui.

Ndani ya jalada hilo hilo kuna kitu kingine. Stigand aliwapa nafasi wasomaji wake wapate Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, kwa usahihisho na tafsiri ya William Taylor, mmisionari aliyeishi Mombasa na kuijua lugha ya kale kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Msomaji wa ukumbi huu hahitaji kuambiwa Inkishafi ni nini: ni mtu anayeuonya moyo wake akiuonyesha magofu ya Pate. Fikiri basi. Katika kitabu kimoja afisa huyu aliandika habari za wafalme wa Pate kama walivyojisifia wenyewe. Katika kingine akaubeba utenzi unaowauliza wafalme hao hao utajiri wao umekwenda wapi. Wenye nyumba zile za Inkishafi ndio jamaa za Bwana Kitini. Wengi wetu tulisoma utenzi ule shuleni kama mawaidha matupu, bila kuambiwa kwamba wakazi wa kasri zile walikuwa na wajukuu, na kwamba mmoja wao alikuwa hai mwaka 1913 akihesabu majina yao.

Baada ya vita, mambo yalikwenda upande mwingine. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 ulitaka lugha moja ya shule, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukakichagua Kiunguja, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Siilaumu. Bila ya Kiswahili sanifu, mtoto wa Chala asingefanya mtihani mmoja na mtoto wa Bagamoyo, na mimi nisingekuwa mwalimu. Nailaumu tabia tuliyoijenga juu yake, ya kudhani kwamba kilichochaguliwa ndicho kilichokuwepo. Kitabu cha Stigand kilichapwa miaka 15 kabla ya Kamati. Ni kama picha ya kijiji iliyopigwa kabla ya barabara kuu kupita katikati.

Mwandishi wake hakuiona barabara hiyo. Mwaka 1914 yeye na mkewe Nancy walitoa kitabu cha hadithi za Kiafrika kwa ajili ya watoto wa Kizungu, na mwaka huo huo akatoa kitabu cha utawala katika Afrika ya joto, kana kwamba hakuwa na usiku wa kulala. Mwaka 1919 alikuwa gavana wa jimbo la Mongalla, kusini mwa Sudan, akiwa na cheo cha Meja. Wadinka wa Aliab, ng'ambo ya magharibi ya Nile, walikuwa wamechoshwa na kodi, na kazi za kulazimishwa, na kunyang'anywa mifugo na watumishi wa serikali. Wakaasi. Stigand akatoka na kikosi kwenda kuwatiisha. Tarehe 8 Desemba 1919 kikosi kilivamiwa katika nyasi ndefu, naye akauawa kwa mikuki pamoja na afisa mwenzake mmoja wa Kiingereza na askari kadhaa. Alikuwa na umri wa miaka 42. Mwaka 1920 serikali ikapeleka jeshi la kulipiza, vijiji vya Aliab vikachomwa na ng'ombe wakatwaliwa kwa maelfu. Kitabu chake cha mwisho, kuhusu eneo la Lado, kilitoka mwaka 1923, na Jenerali Wingate akakitangulizia kumbukumbu ya maisha yake.

Nilipofika hapo katika usomaji wangu niliweka karatasi chini nikatoka nje. Ilikuwa Agosti, upepo wa Ufipa ule mkavu unaopeperusha vumbi la barabara ya Sumbawanga mpaka ndani ya vyungu. Mke wangu aliniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia, na Mzungu mmoja, mwaka 1919. Alicheka, akasema wastaafu wana misiba ya ajabu. Lakini si yeye tu niliyekuwa nikimfikiria. Mtu aliyejua kukaa chini na kusikiliza alikwenda kwa Aliab na bunduki, si na kalamu, kwa sababu kazi aliyoajiriwa ilikuwa ile. Kalamu ilikuwa ya muda wake wa mapumziko. Tuliyonayo kwa Bwana Kitini ni makombo ya mapumziko ya askari, na ni mengi kuliko waliyotuachia wengi walioajiriwa kwa ajili ya lugha.

Tangu mwaka jana nimejitwika kazi ambayo pengine ni ya kipumbavu. Nachukua Habari za Pate za Stigand, naziandika upya kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Sidai kwamba nitarudisha maneno ya mzee, hayo yamekwenda. Nataka tu kijana wa kidato cha tatu aweze kuisoma hadithi ndefu kuliko zote za Pate bila kupitia mlango wa Kiingereza. Jioni naandika ukurasa mmoja, asubuhi naufuta nusu.

Ugumu hauko pale nilipoutarajia. Vita huandikika, vifo huandikika. Kinachonishinda ni vitu vidogo. Penye cheo cha mtawala, je, Bwana Kitini alisema sultani, au mfalme, au fumo? Kwa Kiingereza yote hayo hupita chini ya kofia moja. Katika lugha yetu kila kofia ina kichwa chake, na fumo peke yake lina mkuki ndani yake. Nimeyasoma maandishi ya Werner ili nimsikie mzee alivyokuwa akisema. Mahali pengine yananisaidia, pengine hadithi yenyewe haimo au imefupishwa. Halafu naandika kwa lahaja gani? Nikiandika kwa Kiunguja sanifu, nimemvisha Mpate sare ya chuo changu cha ualimu. Nikijaribu Kiamu, mimi Mfipa wa Chala, watu wa Lamu watanicheka, na watakuwa na haki. Kwa sasa masimulizi naandika kwa sanifu, na wasemaji ndani ya hadithi wakisema, nawaachia mato yao na ndiya zao.

Mahali niliposimama ni kisa cha Mwana Darini. Wenye kukijua wanakumbuka: bibi wa ukoo wa kifalme aliyetaka kumtia mwanawe jandoni kwa heshima, siwa ya mji hakuipata, naye hakwenda kuomba tena. Akamwita fundi, akamchongesha siwa mpya ya pembe za ndovu, na mwanawe akatahiriwa kwa sauti yake. Siwa ya pembe ya Pate bado ipo, inatunzwa katika makumbusho ya Lamu, ndefu kupita urefu wa mtu. Nimeandika kisa hicho mara nne. Kila mara nakwama katika kitenzi kimoja. Huku kwetu hakuna siwa, na katika vitabu nimekuta hupigwa, nimekuta hupulizwa, na mzee mmoja wa Tanga aliyewahi kufanya kazi Sumbawanga aliniambia huvuviwa.

Basi, kama yupo msomaji wa Amu, Pate, Siu au Faza ambaye bibi yake aliwahi kuisikia siwa harusini, naomba anisaidie neno hilo moja, kama bibi alivyolisema yeye, kwa matamshi ya kwao. Nitaliandika kama lilivyo, na jina la bibi nitaliandika pembeni yake, akiridhia.